Kidonge na mzizi dhidi ya kansa: Ruashi inachanganya tayari, ila hakuna anayepima

Katika soko la Ruashi dawa za aina mbili huuzwa karibu karibu. Upande mmoja iko meza ya vidonge: parasetamoli, aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, indosidi. Vinakatwa kwa mkasi, viwili au vitatu, kwa yule asiye na franka za kununua pakiti nzima. Hatua chache pembeni, mama au mzee ametandaza gunia chini, na juu yake amepanga magome, mizizi, majani makavu na chupa za maji yenye rangi ya udongo. Mwenye maumivu ya siku nyingi hupita kote kuwili. Akifika nyumbani, vyote vinaingia katika tumbo moja.

Kwa sababu hiyo, habari kwamba dawa ya kawaida ya kutuliza maumivu, ikiunganishwa na kiini cha mmea, imeua seli za kansa katika maabara, haiwezi kupokelewa hapa kama jambo la nchi za mbali. Inapita kutoka simu moja hadi nyingine, inasimuliwa kwenye teksi na baada ya ibada, na kwa wengi inasikika kama hukumu ya mwisho: wazee walisema kweli, na vidonge vya mezani navyo vinatosha. Kutoka hapo hadi mgonjwa kuahirisha safari ya hospitali ni hatua fupi sana.

Habari yenyewe si uongo. Kosa liko katika kile watu wanachoisomea ndani yake. Matokeo ya maabara ni swali zuri ambalo bado linasubiri jibu. Wakaaji wa Ruashi, waganga wao, wauguzi wao na serikali yao wanapaswa kulichukua kama swali, na kulifanyia kazi, badala ya kulimeza kama dawa.

Tuanze na kile ambacho sayansi imekiona. Mwaka 2005, watafiti wa Tel Aviv, Israeli, walichukua seli za kansa ya utumbo mpana na kuziwekea vitu viwili: selekoksibu, ambayo ni dawa ya maumivu ya viungo, na kurkumini, kiini kinachoyapa manjano rangi yake. Kila kimoja peke yake kilipunguza kasi ya seli hizo. Viwili pamoja vilifanya kazi zaidi, na kiasi cha kidonge kilichohitajika kikawa kidogo. Tangu hapo majaribio ya namna hiyo yamefanywa katika maabara nyingi, aspirini ikiunganishwa na viini vya mboga, viungo na mitishamba mbalimbali.

Sababu inaeleweka. Dawa nyingi za maumivu huzuia kimeng'enya kiitwacho COX, kinachotengeneza kemikali za uvimbe na homa. Aina yake moja, COX-2, huonekana kwa wingi katika kansa kadhaa, na kemikali zake husaidia uvimbe kukua na kujipatia mishipa ya damu. Viini kama kurkumini hupunguza utengenezaji wa kimeng'enya hicho na kugusa njia nyingine ambazo seli ya kansa huzitegemea ili isife. Kwa hiyo kidonge kinafunga mlango mmoja na mmea unafunga mwingine. Ni wazo lenye akili, na si ajabu kwamba watafiti wanalifuata.

Lakini sahani ya maabara si mwili wa mtu. Katika sahani, dawa humwagwa moja kwa moja juu ya seli. Hakuna tumbo la kuivunja, hakuna ini la kuichuja, hakuna damu ya kuisafirisha, hakuna figo za kuilipa gharama. Chumvi nyingi nayo huua seli za kansa katika sahani, na sabuni pia. Swali gumu ni kama kitu hicho kinaweza kufika kwenye uvimbe kikiwa na nguvu ya kutosha bila kumwangusha mwenye mwili.

Kurkumini imeshindwa katika swali hilo mara nyingi. Wagonjwa waliojitolea wamepewa hadi gramu 8 kwa siku, kiasi ambacho hakuna sufuria ya mboga inayoweza kukitoa, na bado kilichokutwa katika damu yao kilikuwa kidogo mno kikilinganishwa na kile kilichowekwa kwenye sahani. Utumbo unakipokea kidogo, na ini linakiondoa haraka. Mwaka 2017 wataalamu wa kemia ya dawa walipitia kazi zilizofanywa juu yake. Majaribio kwa watu yalikuwa yamepita 120, na hawakuona hata moja, miongoni mwa yale yaliyolinganisha kikamilifu na dawa tupu, lililoonyesha kwamba inaponya. Miaka miwili baadaye, Italia iliripoti visa vya homa ya ini vilivyohusishwa na vidonge vya manjano yaliyokolezwa. Manjano ya kwenye chakula hayana lawama. Yakigeuzwa kuwa dawa kali, nayo huanza kudai malipo kama dawa kali.

Upande wa kidonge, hadithi ina matumaini zaidi, lakini pia ina makaburi yake. Mwaka 2004 kampuni ya Merck iliiondoa sokoni dunia nzima dawa yake ya maumivu iliyoitwa Vioxx. Jaribio lililoifichua lilikuwa likipima kama dawa hiyo ingezuia vinyama vinavyoota katika utumbo mpana, ambavyo baadhi hugeuka kansa. Waliokuwa wakiimeza walionekana kupata mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi ya wenzao waliopewa kidonge tupu. Mwishoni mwa mwaka huohuo, jaribio kama hilo la selekoksibu nalo lilisimamishwa kwa sababu ya moyo. Katika sahani, dawa hizo zilikuwa zimeonekana kuwa rafiki. Isingekuwa majaribio kwa watu, yaliyoandikwa siku kwa siku, hakuna ambaye angejua.

Aspirini inafundisha jambo jingine. Katika jaribio moja kubwa, watu 861 waliozaliwa na hitilafu ya kurithi inayoitwa Lynch, ambayo huongeza sana hatari ya kansa ya utumbo, walipangwa kupewa miligramu 600 za aspirini kila siku au kidonge tupu. Walipofuatiliwa kwa miaka mingi, asilimia 9 ya waliopewa aspirini walikuwa wamepata kansa hiyo, dhidi ya asilimia 13 ya wenzao. Mwaka 2025, madaktari wa Sweden na nchi jirani walitangaza kwamba miligramu 160 kwa siku zilipunguza karibu nusu ya visa vya kansa ya utumbo kurudi baada ya upasuaji, kwa wagonjwa ambao uvimbe wao ulikuwa na mabadiliko fulani ya jeni. Hayo ni mafanikio ya kweli.

Hata hivyo, mwaka 2018 jaribio lililofanywa Australia na Marekani kwa wazee 19,114 wenye afya lilionyesha kinyume: waliomeza aspirini kidogo kila siku walikufa zaidi kidogo kuliko wenzao, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na kansa. Kidonge kilekile kiliwafaa hawa na hakikuwafaa wale. Tofauti ilikuwa katika mgonjwa, umri wake, aina ya uvimbe wake na kiasi alichopewa. Mambo hayo yote hayaonekani kwenye meza ya sokoni.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni maneno ya watu wa hospitali, ambao siku zote hudharau mitishamba. Si kweli, na ushahidi wa kuwapinga wenye dharau hiyo umeota katika nyua nyingi za nchi za joto. Ni ule mmea mdogo wa maua ya waridi au meupe ambao wazungu waliuita vinka wa Madagaska. Watu wa mataifa mengi waliutumia kwa ugonjwa wa sukari. Watafiti wa Kanada na Marekani walipouchunguza miaka ya 1950, sukari haikushuka kama walivyotarajia, lakini waliona chembe nyeupe za damu zikipungua. Humo zikatoka vinblastini na vinkristini, dawa mbili za kansa ambazo bado zinatumika duniani kote.

Na moja ya mahali zilipothibitika ni Afrika ya Mashariki. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1967 kilianzishwa hapo Mulago kituo cha kutibu uvimbe huo, ambacho kilizaa Taasisi ya Kansa ya Uganda. Madaktari wake waliunganisha dawa kadhaa, vinkristini ikiwa mojawapo, wakaandika kila kipimo na kila mtoto, na kuonyesha dunia kwamba kansa inaweza kupona kwa kuchanganya dawa. Kwa hiyo muungano wa kiini cha mmea na dawa nyingine dhidi ya kansa si ndoto. Umewahi kuokoa maisha ya watoto wa Kiafrika, katika hospitali ya Kiafrika.

Ila uliokoa kwa sababu ulipimwa. Zinahitajika mamia ya kilo za majani makavu ya vinka ili kupata gramu moja tu ya dawa hizo, na anayeyachemsha nyumbani hawezi kujua kama kikombe chake kina kitu au hakina. Vinkristini yenyewe hupewa kwa miligramu chache, katika mshipa, chini ya macho ya mtaalamu. Ikiingizwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo, huua. Mmea umejaa nguvu, na nguvu isiyo na kipimo haijui kuchagua kati ya ugonjwa na mgonjwa.

Sasa turudi kwenye Ruashi yenyewe. Mtu wa Matoleo, Bendera au Kalukuluku anayechanganya dawa hafanyi hivyo kwa ujinga. Anafanya hesabu. Kwenda hospitali ni kulipa fishi, kulipa daktari, kulipa ekografia, kulipa kipimo cha kipande cha nyama, halafu kusubiri. Mganga wa jirani anamsikiliza saa nzima, anaongea lugha yake, anakubali kulipwa kidogo kidogo. Muuza vidonge hamwulizi chochote. Anayetaka kumlaumu mgonjwa huyo ahesabu kwanza franka zilizo mfukoni mwake.

Lakini hesabu hiyo ina deni lililofichwa. Kwanza ni muda. Miongoni mwa wanawake wa Kongo, kansa zinazoonekana zaidi ni ya titi na ya shingo ya kizazi. Kwa wanaume ni ya tezi dume. Kivimbe cha titi kilicho kidogo kinaweza kukatwa. Kikishatoboa ngozi na kupanda mapafuni, hadithi ni nyingine. Dawa ya maumivu hapa inaweza kuwa adui mwenye sura ya rafiki: inanyamazisha mwili uliokuwa ukipiga kelele ya kuomba msaada. Mgonjwa anapata nafuu, anadhani mzizi unafanya kazi, na miezi inapita.

Pili ni mwili wenyewe. Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na indosidi, zikinywewa siku nyingi bila usimamizi, hutoboa tumbo, hupunguza nguvu ya figo na kuifanya damu ichelewe kuganda. Tangawizi, vitunguu saumu na manjano, vikinywewa kwa wingi kama dawa, vinaweza kuongeza hatari hiyo ya kuvuja damu. Parasetamoli ikizidi huua ini. Mstafeli, ambao majani yake yanasifiwa sana kwa kansa, una viini vinavyodhuru chembe za ubongo; mwaka 1999 madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe waliripoti ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa usio wa kawaida miongoni mwa watu waliozoea tunda lake na chai ya majani yake. Katika nchi nyingi pia, maabara zimekuta chupa na unga wa dawa zinazoitwa za asili zikiwa zimechanganywa kwa siri na diklofenaki au deksamethasoni. Mgonjwa wa namna hiyo anakunywa kidonge mara mbili, mara moja kwa kujua na mara moja bila kujua.

Tatu ni matibabu ya hospitali yanayoharibika bila mtu kufahamu. Mgonjwa anayepewa dawa kali za kansa huku akinywa mzizi nyumbani anaweza kuifanya dawa izidi nguvu au ipungue. Anapozidiwa, daktari anabadilisha dawa akidhani imeshindwa. Hakuna aliyemwambia kuhusu chupa iliyo chini ya kitanda.

Na kwa nini hakuambiwa? Kwa sababu hakuuliza, au aliuliza kwa ukali. Mgonjwa aliyewahi kugombezwa mbele ya watu kwa ajili ya "dawa za kishenzi" hatarudia kusema ukweli. Hapa ndipo mabadiliko ya kwanza yanaweza kuanza, na hayahitaji mfadhili wala mashine. Kila kituo cha afya katika zone ya afya ya Ruashi kinaweza kuweka mstari mmoja kwenye fishi, na muuguzi akauliza kwa heshima: "Mama, mbali na hizi dawa zetu, nyumbani unakunywa nini?" Jibu liandikwe: jina la mmea, sehemu yake, kiasi, siku ngapi, pamoja na vidonge gani. Baada ya mwaka mmoja, Ruashi ingekuwa na hazina ambayo maabara nyingi za Ulaya hazina: picha ya kweli ya jinsi watu wanavyochanganya, nani aliumia na nani hakuumia.

Hatua ya pili ni kwa waganga wa asili. Mara nyingi wao ndio wanaouona uvimbe wa kwanza, kabla ya daktari yeyote. Muda umefika wa kuwatambua kama mlango wa mbele badala ya kuwaacha kuwa kichaka cha kujificha. Mganga mwenye heshima anaweza kufundishwa dalili ambazo hazipaswi kukaa kwake hata wiki moja: kivimbe kwenye titi au chuchu inayotoa damu, damu ukeni baada ya tendo la ndoa au baada ya hedhi kukoma, damu katika choo kikubwa, kidonda kisichopona, kukonda bila sababu, tezi za shingo zinazoendelea kukua. Akimwandikia mgonjwa kikaratasi na kumtuma hospitali, hajapoteza mteja. Ameokoa jina lake. Hospitali nayo imrudishie jibu, si dharau.

Afrika ya Mashariki imeshaona kinachotokea pale imani inapokimbia mbele ya kipimo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walifunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila, kilichosemekana kutibu sukari, ukimwi, kansa na mengine. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi. Kikombe kiliuzwa kwa shilingi 500 tu, na mzee yule hakuonekana kuwa mwenye tamaa. Lakini wapo waliotolewa hospitali wakafia njiani, na wapo walioacha dawa zao za kila siku. Nia njema haikutosha. Bei ndogo nayo haikutosha. Kilichokosekana ni mtu wa kuhesabu, mapema na kwa uaminifu, nani aliyepona na nani aliyezikwa.

Hatua ya tatu ni ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi na ya serikali. Wanafamasia wa UNILU wamekuwa wakipita katika komini za mji huu na vijiji vya jirani, wakiwauliza waganga majina ya mimea na kuipima katika maabara. Kazi hiyo ni ya thamani, lakini orodha ya mimea ni mwanzo wa njia. Baada yake inapaswa kuja vipimo vya sumu, vya ini na figo, kisha kujua kiini kinachofanya kazi, kisha majaribio kwa watu waliokubali kwa hiari, chini ya kamati ya maadili. Njia hiyo ni ndefu na haina mkato. Inahitaji fedha za jimbo na za taifa, na mikataba iliyo wazi, ili mzee aliyetoa siri ya mzizi wake asije akasikia jina lake limepotea na mzizi umekuwa mali ya kampuni ya ng'ambo. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 iliandikwa kwa ajili ya haki ya namna hiyo.

Mamlaka ya kusimamia dawa, ACOREP, nayo ina la kufanya sokoni. Kuwafukuza wauza vidonge kwa fimbo hakutasaidia. Kesho watarudi upande wa pili wa barabara. Kinachosaidia ni kuhakikisha dawa za msingi zinapatikana katika vituo vya afya kwa bei ambayo haimrudishi mgonjwa mezani, na kuchukua sampuli za chupa za "asili" ili ijulikane ni zipi zimetiwa vidonge kwa siri.

Watatokea watu wa kusema: mgonjwa aliyefikia hatua ya mwisho hana cha kupoteza, aachwe ajaribu. Maneno hayo yana huruma, lakini yanasahau mengi. Mgonjwa huyo bado ana figo zinazoweza kufa kabla ya kansa. Ana watoto ambao ada yao ya shule inaweza kuishia kwenye chupa ya mwisho. Zaidi ya yote, ana haki ya kutosikia maumivu, na haki hiyo tayari ina dawa iliyopimwa.

Dawa hiyo ni mofini ya kunywa. Ndiyo dawa ya maumivu ambayo nafasi yake katika kansa haina ubishi tangu Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 1986: kuanza na parasetamoli au ibuprofeni, kupanda ngazi, na kufika kwenye mofini maumivu yanapozidi. Uganda ilionyesha kwamba nchi maskini inaweza. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akitumia mofini ya maji inayochanganywa hapohapo kwa gharama ndogo, na mwaka 2004 sheria ikaruhusu wauguzi waliofundishwa kuiandika wao wenyewe. Mgonjwa wa kijijini akaweza kulala usiku. Ruashi haina sababu ya kusubiri kiini kipya cha mmea kabla ya kuwapa watu wake kitu hicho.

Kuna pia deni la zamani ambalo Katanga ina haki ya kulidai. Kuanzia mwaka 1922, madini ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yalisafishwa na Union Minière huko Olen, Ubelgiji, na kutoa radiamu ambayo kwa miaka mingi ilitawala soko la dunia. Radiamu hiyo ilitumika kutibu kansa katika hospitali za Ulaya na Marekani. Mwaka 1951, huko Kanada, mionzi ya kobalti ilianza kutibu wagonjwa, na mashine za namna hiyo zikaenea duniani. Kobalti ni ileile inayochimbwa leo katika ardhi ya Ruashi, pembeni ya nyumba za watu. Lakini mgonjwa wa Ruashi anayehitaji mionzi, kama ana ndugu wa kumchangia, huenda akalazimika kuitafuta mbali na nyumbani. Asiye na ndugu wa kumchangia hurudi kwenye meza ya vidonge na gunia la mizizi.

Kwa hiyo swali la kidonge na mzizi ni swali la haki kabla ya kuwa swali la kemia. Watu hawachanganyi kwa kuwa wamesoma habari za maabara. Wanachanganya kwa kuwa njia nyingine imefungwa au ni ghali, na habari za maabara zinawapa tu ujasiri wa kuendelea. Kuwakataza bila kuwafungulia njia ni kupoteza maneno. Kuwasifu bila kuwapima ni kuwazika taratibu.

Wahubiri, watangazaji wa redio na wenye kurasa za mitandaoni wana sehemu yao pia. Anayetangaza kwamba "dawa ya kansa imepatikana" aulize kwanza: ilipimwa kwa seli, kwa panya au kwa watu? Watu wangapi? Kwa kiasi gani? Nani aliyeumia? Kama hana majibu hayo, basi bado hana habari ya dawa. Ana habari ya utafiti, na aiseme hivyo.

Kwa familia, jambo ni moja na ni jepesi kukumbuka. Kivimbe kisichotoka, damu isiyo ya kawaida, kidonda kisichopona: hospitali kwanza, mapema, hata kama mganga atafuatwa baadaye. Kipimo cha shingo ya kizazi kwa siki huchukua dakika chache. Na daktari akiuliza nini kinanywewa nyumbani, aambiwe chote, kidonge na mzizi, bila aibu.

Huenda siku moja mmea wa msitu wa miombo, ukiungana na kidonge cha franka chache, utampa nafuu mgonjwa wa kansa, kama vinka ya Madagaska ilivyowapa watoto wa Kampala. Siku hiyo ikifika, itakuwa kwa sababu kuna mtu aliuliza, akaandika na akahesabu. Kazi hiyo inaweza kuanza Ruashi wiki hii, kwa kalamu na mstari mmoja kwenye fishi ya mgonjwa.